Mbili kwa Kumi

Jumatano, tarehe 11 Juni

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa kukuandikia. Siku tisa si siku moja, najua, na najua utazihesabu kabla hujafika mstari wa pili. Ningekupigia simu, lakini namba yangu umeifungia tangu ugomvi wetu ule, na ulisema mwenyewe kwamba nikiwa na neno niliandike kwa mkono wangu na nitie saini, nisije nikaligeuza baadaye. Basi ni hili. Naandika nimeegemea ukingo wa kitanda cha hospitali, Kibonge yuko mgongoni ananivuta nywele.

Mama alianguka. Ilikuwa Jumatatu ya tarehe mbili, mchana, hapo nyumbani. Amevunjika mfupa wa paja kule juu kabisa, unapoingia kwenye nyonga. Mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Picha wamepiga. Atapasuliwa awekewe chuma, ila foleni ya chumba cha upasuaji ni ndefu na chuma cha saizi yake hakijafika.

Sasa jambo lenyewe. Kuna daktari wa ganzi hapa, mama mmoja mwembamba anayetembea kama anafukuzwa. Anataka kumchoma Mama sindano ya kuzuia maumivu wakati tunasubiri upasuaji. Si ya kumlaza, macho yatakuwa wazi. Anaangalia ndani kwa mashine ya picha, ile ile waliyonipitishia tumboni nikiwa na mimba ya Kibonge, na akishaiona mishipa ya fahamu inayopeleka habari za nyonga kichwani, anamwaga dawa pembeni yake. Nyonga inakufa ganzi nusu siku au zaidi. Mtu anageuzwa, anaogeshwa, anakula. Anasema wazee ndio wanaofaidi zaidi, maana dawa kali za maumivu zinawavuruga akili. Juzi walimpa hiyo kali. Alitapika shuka zima, kisha akaniita kwa jina la mwalimu mwenzake aliyekufa zamani na kuniuliza kama nimeshapiga kengele.

Kwenye faili lake msemaji wa familia ni wewe, tangu alipotolewa mtoto wa jicho. Mama akiulizwa anasema, "Mkubwa aulizwe." Mume wangu yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara, nikimpigia anasema, "Ongeeni wenyewe," kama vile sisi huwa tunaongea. Naomba neno moja tu kutoka kwako: nimekubali. Daktari wa ganzi anapita wodi yetu Jumanne na Ijumaa.

Mke wa mdogo wako


Alhamisi, tarehe 12 Juni

Mke wa mdogo wangu,

Kondakta wa basi kaileta barua yako saa nne mpaka dirisha la ghala. Nimeisoma nikiwa nimesimama, wabebaji wanasubiri.

Kwanza, siku tisa. Mimi hapa nikichelewesha boksi moja siku tisa, kesho yake ufunguo wa ghala anao mwingine. Wewe umemchelewesha mama yangu.

Pili, umeandika "Mama alianguka" kama anayeandika "mvua ilinyesha". Nyumbani sehemu gani? Akienda wapi? Nani alikuwepo? Mashine ya picha imepata mistari mitano, mama yangu kuanguka kapata maneno mawili.

Tatu, nimempigia Sista Mkuu wa wodi. Kaniambia kila asubuhi Mama huulizwa kwa namba, sifuri mpaka kumi, na hujibu mwenyewe kwa akili zake. Siku ya kwanza kasema mbili. Jana kasema moja. Mtu wa moja ndiye unayetaka achomwe sindano ya mishipa? Jirani yangu alichomwa ya mgongo alipokuwa akijifungua, mpaka leo anainuka kwa kushika ukuta.

Nne, nakujua. Unataka alale kimya ili na wewe ulale. Tangu ulipoletwa kwetu wewe na usingizi ni kama mliolewa pamoja.

Nimemwambia Sista aandike kwenye faili kwa herufi kubwa: HAKUNA SINDANO MPAKA BINTI MKUBWA AFIKE. Likizo yangu ni mwisho wa mwezi. Kifurushi hiki ni dawa ya kuchua. Mchue asubuhi na jioni, kwa nguvu, usimbembeleze kama unapaka mtoto poda.

Wifi yako mkubwa


Jumamosi, tarehe 14 Juni

Wifi,

Daktari wa ganzi alipita jana na toroli lake. Alifika kitandani kwetu, akasoma herufi zako kubwa, akaniangalia, akaenda kitanda cha pili. Bibi wa kitanda cha pili amevunjika pale pale alipovunjika Mama. Kufika saa sita alikuwa ameegemea mito, mwanawe anamsuka nywele. Mama alimwangalia mchana kutwa.

Dawa yako ya kuchua iko chini ya kitanda na itabaki hapo hapo. Mfupa umekatika, wifi. Mguu ambao hauvumilii uzito wa shuka, mimi niukandamize kwa viganja? Na si mgongo. Nimekuandikia ni ya nyonga, labda wabebaji walikuwa wanakuharakisha. Sindano inaingia mbele, kwenye mkunjo wa kinena. Uti wa mgongo hauguswi.

Unasema moja. Ngoja nikuambie hiyo moja yako inakaaje. Wauguzi wakija kumgeuza, anachukua ncha ya taulo anaiuma, na jana nimekuta taulo limetoboka. Chakula hataki, kwa sababu akila atahitaji beseni, na beseni maana yake kuinuliwa. Maji hanywi kwa sababu hiyo hiyo, midomo imepasuka. Ngozi ya makalio imeanza kuwa nyekundu. Jua likianza kushuka anaita mahudhurio ya wanafunzi ambao hawapo, na asipojibiwa anawaandika watoro kwa kidole kwenye blanketi.

Halafu asubuhi Sista anakuja na kalamu yake: "Bibi, mguu ukoje leo, sifuri mpaka kumi?" Mama anakaza shingo, anajibu kwa sauti ya darasani: "Moja." Sista anaandika. "Safi sana, bibi." Na mimi nimesimama hapo na taulo lenye tundu mkononi.

Nadhani anajikaza kisabuni kwa sababu yangu. Hataki kulia mbele ya mkwe. Wewe ni damu yake, muulize wewe.

Na kuhusu usingizi: nimetandika shuka sakafuni chini ya mama yako, mtoto kifuani, mfuko wa nepi ndio mto. Karibu tubadilishane.

Mke wa mdogo wako


Jumatatu, tarehe 16 Juni

Mke wa mdogo wangu,

Nimemuuliza. Jana Sista kampelekea simu kitandani. Sauti ilikuwa ndogo, lakini akili timamu. Kitu cha kwanza kaniuliza kama bado naandika saba bila kuikata katikati. Nikamuuliza namba ya mguu. Kasema sifuri.

Sifuri, umesikia? Mbili, moja, sifuri. Mtoto wa chekechea anaona namba zinaelekea wapi, na mimi nasoma namba kutwa, sihitaji kutafsiriwa. Mama anapona. Huyo daktari wako mwembamba atafute mwingine wa kufanyia mazoezi.

Kuhusu taulo: Mama amebakiwa na meno manne, na mawili hayakutani. Hilo tundu waulize panya wa wodi.

Sasa naona umejibu kila nilichoandika isipokuwa kimoja. Mama alipoanguka, wewe ulikuwa wapi? Mstari mmoja unatosha.

Wifi yako mkubwa


Jumatano, tarehe 18 Juni

Wifi,

Barua yako ilifika jana asubuhi, bado inapiga vigelegele. Niliisoma kitandani kwake. Nilikuwa na hasira mpaka herufi zinacheza, nikaona nikikaa hivi nitalia, basi nikamtania Mama: "Mkubwa anasema una sifuri. Inuka twende nyumbani basi, tuwaachie watu kitanda chao."

Akaniangalia kama nimeingia darasani na viatu vya matope.

"Nani anarudishwa nyumbani na sifuri?" akasema. "Sifuri ni mtoto ambaye hata jina lake hajaandika."

Nikamwambia, "Mama, hapa sifuri ni kwamba huumwi."

"Nani kasema? Yule msichana kaniuliza mguu ukoje, nikausahihisha. Siku ya kwanza niliupa mbili kwa sababu vidole vilikuwa vinacheza. Baadaye ukaharibika, nikaushusha. Nilidhani wanaona kwamba umefeli. Kila siku ananiambia safi sana, safi sana. Nikajiuliza, hawa watoto wamefundishwa na nani?"

Wifi, miaka thelathini na nne ya kalamu nyekundu. Mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kumpa mtoto kumi, wewe mwanawe ukiwemo, tunamuuliza namba bila kumwambia namba za nini. Na sote, mimi na Sista na wewe wa kusoma namba kutwa, tumemsikia anazidi kuumia tukasema anapona. Wiki mbili.

Sista Mkuu alikuwa kitanda cha tatu anagawa vidonge. Aliweka sinia chini. Alikuja akashika pindo la kitanda na kusema taratibu, "Bibi, nisamehe. Alama za mguu sizitaki. Nataka kujua maumivu yako. Kumi ni makali kuliko yote uliyowahi kuyapata, ya uzazi yakiwemo."

Mama akafikiri. Unajua anavyofikiri, akichungulia juu ya miwani ambayo hata hajaivaa. "Kwa hesabu hiyo ni tisa," akasema. "Moja nimebakiza kwa sababu leo hamjanigeuza."

Sista alitoka karibu kukimbia. Alirudi na daktari wa ganzi. Daktari akafungua faili, akakuta herufi zako, akasita. Sista akamwambia, "Muulize mwenye mguu." Daktari akainama: "Mwalimu, leo ni siku gani?"

"Jumanne. Na wewe umeruka kifungo cha tatu cha koti."

Daktari akajiangalia. Alicheka, akakifunga, halafu akavuta kiti na kumweleza Mama kila kitu mwanzo mpaka mwisho, sindano itaingia wapi, itafanya nini, ubaya gani unaweza kutokea na ni kwa nadra gani. Mama aliuliza maswali matatu. Moja lilikuwa, "Mwanangu mkubwa amekataa kwa nini?" Nilisema unamwogopea kupooza. Nimekutetea, uandike tarehe. Mama akasema, "Tangu mdogo ni mwoga wa sindano, alimng'ata muuguzi," akaomba kalamu, akatia saini mwenyewe na kuipigia mstari chini.

Walimpaka dawa ya baridi kinenani, wakaweka mashine, nikaona kwenye kioo vitu vya kijivu vinatembea kama moshi. Sindano yenyewe aliikunjia uso kidogo tu. Daktari akasema tungoje dakika ishirini. Nilihesabu kwenye saa ya ukutani. Ya kumi na tano Mama aliachia taulo. Sikumwambia aachie, vidole vilifunguka vyenyewe. Ya ishirini na mbili akasema, "Huu mguu wa nani?" Tukamgeuza, na hakuuma kitu. Alikunywa vikombe viwili vya chai, akala mkate, akatumia beseni, na jua likashuka bila kuita mahudhurio. Kisha akalala upande wa dirishani, mdomo wazi, anakoroma, na mimi nimekaa nasikiliza ule mkoromo kama redio.

Leo alfajiri dawa iliisha, akarudi saba. Daktari amekuja siku isiyo yake kuongeza nyingine. Mama ametia saini tena.

Sasa swali lako, na mstari mmoja hautoshi.

Nilikuwa nimelala. Kibonge alikuwa anaota meno, nilikuwa sijafunga macho siku tatu. Nilikaa kwenye mkeka kukunja nguo, nikachukuliwa. Mtoto akatambaa mpaka mlangoni, kwenye zile ngazi. Mama alimwona kutoka kwenye kiti chake, akainuka bila fimbo, akamwahi. Katika kugeuka alikanyaga nguo ya mtoto iliyolowa ambayo mimi niliiacha sakafuni. Mimi, si mwingine.

Nilipoamka nilimkuta amekaa chini, mgongo ukutani, mguu umegeuka, na Kibonge amelala kifuani pake. Alikaa hivyo sijui muda gani. Nikamuuliza, mbona hukuniita? Akasema, "Ulikuwa umelala vizuri." Halafu akasema nisikuambie. Nimekutii wewe siku chache sana maishani, nikasema angalau nimtii yeye. Huo ndio ule ucheleweshaji. Nilianza barua mara nne, na kila nikifika "alianguka" kalamu inakauka.

Mke wa mdogo wako


Ijumaa, tarehe 20 Juni

Mke wa mdogo wangu,

Nilimwambia hongera. Siku ile ya simu, aliposema sifuri. Nikasema, "Hongera, Mama!" Akasema asante. Hili usinijibu, na usimwambie mtu.

Hilo la mchana ule nimelisoma mara tatu. Ulilala, na ukanificha siku kumi na sita. Kwamba mtoto alikuwa ngazini na mama yangu akamwahi, nimelielewa. Kwamba ulikuwa umechoka, nimelielewa pia, nami nina wanangu. Lakini kuelewa si kusamehe, na mimi sisamehi kwa kondakta. Tutaonana uso kwa uso na utanisikia.

Namba yako bado nimeifungia. Nikisikia sauti yako sasa hivi nitatukana au nitalia, na hapa nina watu kumi na wanne chini yangu.

Sista kanipigia kwamba chuma kimefika, upasuaji ni Jumanne. Nimeomba likizo mapema wamekataa. Andika kinachohitajika. Andika saizi na idadi, usiniandikie "vitu vidogo vidogo".

Wifi yako mkubwa


Jumamosi, tarehe 21 Juni

Wifi,

Sikuombi msamaha kwa kondakta. Uso kwa uso ni sawa, nitakuwepo, na mimi nina yangu ya kusema kuhusu zile herufi kubwa.

Maana bado zimo kwenye faili. Daktari mwembamba Jumanne hayupo, ana safari ya kikazi. Atakayekuwa zamu ni mzee mmoja anayesoma faili, haongei na watu. Asubuhi hiyo Mama atashushwa chumba cha upasuaji akiwa na usingizi wa dawa, na mgonjwa aliyesinzia haulizwi leo ni siku gani. Daktari huyo akikuta neno lako pale, Mama atapasuliwa bila ile sindano, na akizinduka atapewa zile dawa kali zilizomfanya aniulize habari za kengele. Saini ya Mama ipo, lakini Sista anasema hana ruhusa ya kufuta maneno ya ndugu. Aliyeyaweka ayatoe.

Leo asubuhi Mama ni mbili. Nimemuuliza mbili ya nani, akasema, "Ya Sista, usinichoshe." Amekula yai. Ule wekundu wa ngozi haujaongezeka.

Umetaka saizi na idadi. Vinavyohitajika ni hivi:

Fremu ya kutembelea, moja, ya miguu minne, isiyo na magurudumu. Kimo cha pa kushikia sentimita sabini na nane. Nimempima mkono akiwa amelala, ukipata ya kurekebisha ndiyo nzuri zaidi.

Kiti cha kuinulia choo, kimoja, chenye mikono pande zote mbili.

Viatu, jozi moja, namba thelathini na saba, vya kufunga nyuma, soli ya mpira. Ukituma ndala nitazirudisha na basi hilo hilo.

Magauni matatu ya vifungo mbele, mpaka chini. Ya kuvalia kichwani hayafai.

Mashuka ya pamba mawili, ya kitanda cha futi tatu na nusu.

Mafuta mazito ya kupaka ngozi, kopo kubwa moja, yasiyo na manukato.

Nepi za Kibonge, pakiti moja. Hii ni ya kwangu, usipotaka acha.

Na karatasi moja, mkono wako, saini yako, tarehe, iseme hivi tu: "Mimi binti mkubwa naondoa katazo langu. Mama achomwe sindano ya ganzi Jumanne, na kila siku nyingine atakayoihitaji." Hiyo usiifungashe na vingine. Mpe kondakta mkononi, basi la Jumatatu asubuhi, hata kama fremu haijapatikana, hata kama viatu havipo, hata kama hujanisamehe.

Mke wa mdogo wako